Mguu wa Bibi Mwaija

Siku Bibi Mwaija alipoondoka Misima, Hafsa aliamka akafagia uwanja kama kawaida yake. Alipofika chini ya dirisha la bibi alifagia polepole, maana alimsikia akiugulia ndani. Saa mbili gari la mzee Mdoe likaja. Bibi alibebwa na godoro lake, akalazwa kiti cha nyuma, na mama akamshika mguu usitikisike. Walikuwa wanakwenda hospitalini Korogwe, apigwe picha ya mfupa.

Safari ile ilichelewa siku kumi na mbili, na mpaka jana yake ni Hafsa na bibi tu waliojua kwa nini.

Zamu ya maji ilikuwa ya Hafsa. Alasiri moja aliliacha dumu kando ya njia akajiunga na Pendo na wenzake kucheza rede. Bibi alipoona mtungi mtupu aliteremka kisimani mwenyewe. Akateleza kwenye jiwe, akaangukia nyonga. Hafsa ndiye aliyemkuta pale chini, akaanza kulia.

"Nyamaza, mke mwenzangu," bibi alisema, maana ndivyo alivyozoea kumtania. "Mama yako akijua, leo utachapwa. Tutasema nimejikwaa kizingitini, mguu umeteguka."

Wakajikokota hadi nyumbani, wakasema hivyo. Mama akamwita Mama Fatu, mkandaji wa viungo. Mama Fatu alikuwa na sharti moja lililojulikana kijiji kizima: mzee aliyeanguka hamgusi mpaka apigwe picha. Kabla ya kupasha moto mafuta ya nyonyo aliuliza ilivyokuwa. Bibi akasema kizingiti. Mama Fatu akamgeukia mtoto.

"Hakuanguka?"

"Hakuanguka," Hafsa alijibu. "Aliteguka tu."

Basi akakandwa, asubuhi na jioni. Bibi aliuma ncha ya kanga. Hafsa alishika bakuli la mafuta na kutazama ukutani. Siku ya kumi na moja Mama Fatu aliinyoosha miguu yote miwili, akaona mmoja umegeukia nje na umekuwa mfupi kuliko mwenzake. Akaondoa mikono yake. Huu, alisema, si mguu ulioteguka.

Hapo Hafsa akapiga magoti, akaeleza yote: dumu, rede, jiwe la kisimani. Alingoja kofi. Mama hakumpiga. Alijifunga kanga akatoka kwenda kutafuta gari.

Mama aliporudi kutoka Korogwe alisema picha imeonyesha shingo ya mfupa wa paja imevunjika, na vipande vimepishana. Daktari alidhani mwanzoni ulikuwa ufa tu, na ungetibika kwa urahisi zaidi. Sasa bibi atapasuliwa.

Hafsa alikwenda kwa Mama Fatu kuomba radhi. Alimkuta akipukuchua kunde. Alimwamkia, akaitikiwa, akaomba radhi.

"Mkono wangu hauna macho, mjukuu wangu," Mama Fatu alisema. "Unaona kwa kuambiwa ukweli. Mlinidanganya wawili, yeye kwa kukupenda, wewe kwa kuogopa. Na mimi nimemkanda mwenzangu mfupa uliovunjika. Mzee akiumia, sema alivyoumia, hata kama kosa ni lako. Fimbo ya mama yako ingepoa siku ile ile."

Akamsogezea ungo, wakapukuchua pamoja.

Upasuaji ulikwenda vizuri, na mfupa ukaungwa. Bibi anatembea hatua chache kwa mikongojo, nyumbani kwa shangazi Mwanaidi, Korogwe, karibu na hospitali. Mteremko wa kisimani hauwezi tena, wala hatarudi kuishi Misima. Chumbani mwake sasa kuna magunia ya mahindi. Maji huyateka Hafsa, kila siku, kabla ya kwenda shule.