Sikio la Tepu

Kila alipotoka shule, Nukta alipitia karakana ya shangazi yake, akanawa mikono, akavaa aproni iliyomfika kwenye vifundo vya miguu, kisha akaenda stoo kuzikagua skrini zake. Aliziita zake ingawa zilikuwa za Shangazi. Hata jina la Nukta alilipata hapo karakanani, kwa kuwa alikuwa mdogo wa umbo na jicho lake halikupitwa na doa.

Karakana hiyo ilichapa nembo na maandishi kwenye fulana na mifuko. Kila nembo ilikuwa na skrini yake, fremu ya mbao iliyowambwa wavu laini kuliko chandarua. Wino ulivutwa juu ya wavu kwa ubao wenye ukingo wa mpira, ukapenya palipochorwa nembo tu. Lakini kwenye kingo, wavu unapokutana na mbao, palikuwa na upenyo ambao wino haukosi kuuona. Hapo ndipo tepu ilipohitajika. Skrini ikimaliza zamu moja ya kuchapa, iliondolewa tepu chafu, ikaoshwa, ikakaushwa, ikabandikwa tepu mpya pande zote nne, halafu ikasimamishwa kwenye rafu ya stoo kama kitabu, mpaka zamu nyingine. Kuilaza kulikuwa marufuku. Skrini iliyolazwa haikosi mtu wa kuitwika kopo, na wavu ukitoboka, basi.

Kubandika tepu kulikuwa kazi ya Nukta. Kwanza aliuweka wavu shavuni, maana shavu huhisi unyevu ambao kidole hakiuhisi, na tepu na unyevu haviivi chungu kimoja. Kisha alibandika polepole, akisugua kwa ukucha wa kidole gumba. Mwisho wa kila kipande alikunja ncha kidogo, ili siku ya kubandua ishikike kwa urahisi. Ncha hiyo aliiita sikio.

"Jamani, tusisengenye hapa," alipenda kusema Panya, mtoto wa Shangazi. "Hii skrini ina masikio manne!"

Panya alipewa jina hilo kwa sababu ya kutafuna: kalamu, kola ya shati, hata kamba ya begi lake la shule.

Jumatatu walichapa fulana thelathini za kwaya ya shule yao, zenye nembo ya bluu kifuani. Thelathini nyingine zingechapwa Alhamisi, na kwaya ingeimba kwenye mashindano Jumamosi. Nukta alikuwa mwanakwaya, na kwa sababu ya mazoezi hakupita karakanani Jumanne wala Jumatano, Panya naye akimsubiri shuleni. Shangazi alikuwa amemwahidi kitu ambacho hakikumpa usingizi.

"Skrini ikitoka stoo safi, fulana ya mwisho utaichapa wewe mwenyewe. Yako."

Alhamisi Nukta aliingia karakanani mbio pamoja na Panya, akavaa aproni. Juu ya meza zilikuwa fulana sita, na kando ya kila nembo ulikuwepo mstari wa bluu, mrefu na mnene, kama kovu. Fundi Mrefu, mchapaji wao, alikuwa ameinamia kopo la wino, akilikoroga bila kuinua macho.

"Njoo uone kazi yako," Shangazi alisema.

"Yangu?"

"Nani hubandika tepu hapa? Wino umevujia upande wa kushoto. Fulana sita, Nukta! Sita! Tumeshtuka wakati maji yameshamwagika."

"Lakini Shangazi, Jumatatu nilibandika pande zote nne. Nilipima kwa shavu, nikasugua—"

"Ungebandika, wino ungepita wapi? Mwanangu, kukosea si dhambi. Kukana ndiko kunakoniudhi." Shangazi alinyoosha mkono. "Lete tepu. Kuanzia leo skrini huzigusi. Na ile fulana ya mwisho, sahau."

Nukta alitoa roli la tepu kwenye mfuko wa aproni. Akamkabidhi. Hasira ilimpanda. Kazi yake aliijua kama anavyojua kiganja chake, na sasa alikuwa anaitwa mzembe, tena mwongo, mbele ya watu, bila hata kuulizwa swali moja! Alimtazama Fundi Mrefu, aliyemwona Jumatatu akisugua tepu kwa ukucha. Fundi alikohoa kidogo, akaendelea kukoroga wino.

"Shangazi, naomba niitazame skrini tu. Sitaigusa."

Shangazi alisita, akaashiria kwa kidevu.

Nukta aliinama mezani, mikono mgongoni. Upande wa juu, sikio. Upande wa chini, sikio. Kulia, sikio. Kushoto, tepu ilikuwa imeinuka kama ganda la kidonda, chini yake pamejaa vumbi. Hapakuwa na hata dalili ya sikio. Ncha ilikuwa imechanwachanwa, kana kwamba imekatwa kwa meno.

Kwa meno!

Aligeuka. Panya alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, kifuniko cha kalamu mdomoni.

"Ni wewe!" Nukta alifoka. "Umechezea skrini yangu! Nani mwingine hapa hutafuna vitu? Shangazi, tazama, imekatwa kwa meno. Ni Panya!"

"Mimi?" Kifuniko cha kalamu kilimdondoka. "Mimi nimeingia stoo lini? Tangu Jumatatu natoka shule na wewe, narudi nyumbani na wewe! Ungeniuliza kwanza!"

"Nikuulize nini, na meno yako haya hapa?"

"Kwani meno ninayo peke yangu? Hata wewe unayo!" Machozi yalimlengalenga. "Kila kitu Panya! Kikipotea kitu, Panya! Na nyie mnaitikia tu."

Maneno hayo yalimchoma Nukta mahali asipotarajia. *Ungeniuliza kwanza.* Dakika tano tu zilizopita, hilo ndilo lililokuwa limemkera yeye. Kwa aibu aliinamisha macho, yakatua mezani, kwenye kifuniko cha kopo la wino kilichokuwa kando ya kiwiko cha Fundi Mrefu.

Kifuniko kilikuwa kimepasuka. Ufa ulikuwa umezibwa kwa kipande cha tepu, na mwisho wa kipande hicho ulikuwa umekunjwa vizuri, kwa upana wa ukucha mmoja.

Sikio la nne.

Nukta alivuta pumzi. Safari hii hakumnyooshea mtu kidole.

"Fundi, samahani, naomba kuuliza. Tepu hii kwenye kifuniko imetoka wapi?"

Kijiti cha kukorogea kilisimama. Fundi Mrefu alitazama kifuniko, akamtazama Shangazi, kisha akajikalia taratibu kwenye kiti, urefu wake wote ukapungua.

"Imetoka kwenye skrini," alisema. "Jumanne kifuniko kilipasuka. Tepu ilikuwa imekwisha, roli jipya lilikuja Jumatano. Nikaona wino utakauka. Nikabandua upande mmoja, pale nikabandika kipande nilichokiokota sakafuni, nikakikata kwa meno. Nilisema nitarudishia, nikasahau. Na leo sikuikagua skrini nilipoitoa stoo."

"Na nilipokuwa namgombeza mtoto?" Shangazi aliuliza kwa sauti ya chini. "Hapo pia ulisahau?"

"Hapo nilikumbuka, Mama. Ulimi ukawa mzito. Niliona aibu, mtu mzima mimi."

"Aibu yako akaibeba yeye!" Shangazi alipiga meza, fulana zikaruka. "Umesimama hapo, wino unakoroga, mtoto anavuliwa kazi yake!"

Fundi Mrefu aliinuka, akaja mbele ya Nukta. "Binti, nisamehe. Kazi yako haikuwa na kasoro. Kasoro ni yangu, na fulana sita nyingine nakwenda kuzitafuta mimi, sasa hivi."

Nukta aliitikia kwa kichwa. Hasira ilikuwa haijamwisha yote, ila alijua kuna deni lingine mle chumbani, na hilo lilikuwa lake. Akamwendea Panya.

"Nimekusingizia. Nisamehe. Wewe hutafuna kalamu tu."

"Na kola," Panya alisema, akifuta pua. "Lakini tepu sili. Ina gundi."

Hata Shangazi alicheka. Kisha akalichukua roli la tepu, akalirudisha mwenyewe kwenye mfuko wa aproni ya Nukta.

"Nami niombe radhi. Nilihukumu kabla sijauliza. Sikilizeni nyote, nami nikiwemo. Mtu akionewa ana haki ya kukasirika. Lakini hasira ikitangulia mbele ya macho, humpiga asiyehusika. Na anayejua ukweli akanyamaza, huyo ndiye anayempa hasira fimbo. Kuanzia leo, anayebandua ndiye abandike, na anayekosea aseme kabla hajaulizwa."

Fulana sita mpya zilifika, skrini ikaoshwa, ikakaushwa. Nukta aliiweka shavuni. Ilikuwa kavu. Alibandika pande tatu, kisha akampa Fundi Mrefu roli la tepu. Fundi aliinama karibu aguse meza kwa paji la uso, akabandika upande wa kushoto polepole, akisugua kwa ukucha. Alipofika mwisho alikata kwa mkasi, akakunja ncha.

Jua lilikuwa bado linamulika dirishani ilipobaki fulana moja tu, ile aliyoahidiwa Nukta. Alishika ubao wa mpira kwa mikono miwili, akavuta wino kwa pumzi moja. Walipoinua skrini, nembo ilikuwa kifuani, ya bluu, na pembeni yake kitambaa kilikuwa cheupe tupu.