Jua Alilolitunga Itto

Kila jioni, kondoo wakishafungiwa chumba cha chini, Itto alikaa karibu na redio na nyumba nzima ikanyamaza. Utabiri wa hali ya hewa unasomwa kwa Kiarabu cha vitabuni, na kwao milimani wanaongea Kitamazight tu. Itto ndiye anayesoma shule, basi yeye ndiye wa kuwatafsiria. Hata jirani, Ami Bassu, alikuwa anauliza toka paani kwake: "We Itto! Leo wamesemaje?"

Jioni moja mtangazaji alisoma mbio mbio. Itto alidaka "milima", akadaka "kesho". Mengine yote yakampita.

"Haya, msomi wangu," Baba akasema. "Tuambie."

Itto akaona aibu. Baba alishamsifu soko zima.

"Jua," akasema. "Kesho jua."

Ami Bassu naye akaambiwa jua. Kuni hazikuingizwa ndani, koleo la theluji likaachwa uani, watu wakalala.

Asubuhi ndani kulikuwa giza. Baba alivuta mlango akakutana na ukuta mweupe wa theluji, umeziba mpaka juu. Dirisha nalo limezibwa. Chini kondoo walikuwa wanalia.

"Wingu la kupita tu hili," Baba akasema, akakaa na chai yake. "Redio imesema jua. Likitoka litayeyusha yote. Nijivunje mgongo kwa nini?"

Mama alikuwa anatazama juu. Paa lao ni la udongo, na theluji ikilundikana, udongo unakunywa maji na kuwa mzito.

"Haddu, boriti inalia," akamwambia Baba.

"Inajinyoosha."

"Kama wewe unavyojinyoosha ukiambiwa ukachote maji?"

Baba akacheka. Itto hakucheka. Bonge la udongo lilidondoka kwenye bakuli la mafuta ya zeituni. Hakuna pa kutokea, paa linazidi kuelemewa, na Baba amekaa anasubiri jua ambalo hakuna aliyeliahidi.

"Baba, sikuelewa."

"Hukuelewa nini?"

"Redio. Jua nimelitunga mimi."

Baba akamkodolea macho. Itto akasubiri kofi. Boriti ikalia tena, safari hii kwa nguvu.

"Ngazi!" Baba akapiga kelele. "Lete ngazi hapa!"

Njia ilikuwa moja tu, tundu la moshi. Baba akapanda, akakisukuma kifuniko, mabega yakakwama. Akashuka anatukana theluji.

"Itto, wewe unapita. Chukua ubao wa mikate."

Itto akajipenyeza. Juu, theluji ilikuwa bado inamwagika, haoni hata mkono wake. Akaita kwa sauti yote:

"Ami Bassu! Hakuna jua! Nilidanganya! Safisha paa lako!"

"Naona, mwanangu!" sauti ikajibu toka kwenye ule weupe. "Hilo jua lako limenifika kiunoni!"

Itto akasukuma theluji kwa ubao mpaka vidole vikafa ganzi. Baba akabomoa ukingo wa tundu, naye akatoka. Mama akafuata na sinia. Walisukuma, wakapumua, wakasukuma tena, mpaka boriti ikanyamaza.

Mchana Ami Bassu aliwachimbia mlango toka nje. Akamtazama Itto, akatikisa kichwa. "Kondoo wangu wawili wameangukiwa na paa la zizi. Wamekufa."

Itto akainama, machozi yakamtoka. "Nisamehe, Ami."

"Nyanyua uso," Baba akasema. "Kutokuelewa redio si kosa. Mimi mwenyewe siielewi. Ungeniambia hujui, ningetoka nikatazama wingu kwa macho yangu, na Ami Bassu angetazama. Uliposema jua, sote tukalala. Ukiwa hujui, sema sijui, na useme mapema, watu wakiwa bado wanaweza kutoka."

Akampa koleo la jirani.

"Sasa twende. Zizi la Ami Bassu linangoja."