Ndeshi Aliacha Kusalimia

Asubuhi hiyo Ndeshi Sumari alikuta chai yake mezani imepoa. Kando yake kulikuwa na kikombe kingine. Hicho nacho kilijaa chai ya baridi. Alikuwa amejimiminia mara mbili, na hakunywa hata mara moja.

"Haya basi," alisema peke yake. "Huyo mgeni niliyemwandalia yuko wapi?"

Hakukuwa na mgeni. Kwa miezi mitatu hakuna mtu aliyekaa kwenye kiti cha mgeni. Mume wake alifariki zamani. Binti yake Lilian anafundisha shule Singida, na humpigia simu kila Jumapili. Nyumba ya Ndeshi iko mteremkoni mwa Mlima Meru, juu ya Tengeru, katikati ya migomba na kahawa. Huko ukungu ukishuka, hata jirani wa karibu humwoni. Ndeshi alikuwa ameanza kuupenda ukungu huo.

Mwaka uliotangulia aliugua saratani ya titi. Alikatwa titi la kushoto. Baadaye alitundikiwa dripu za dawa ya saratani, sita kwa jumla, moja kila baada ya wiki tatu. Nywele zilinyonyoka. Kucha zikawa nyeusi. Lakini alimaliza, na usharika mzima ukashangilia. "Mama Lilian amepona!"

Nywele zilirudi. Kilichokuwa chini ya nywele hakikurudi sawasawa.

Alisahau majina ya watu. Aliingia shambani na panga, akasimama katikati ya migomba asijue alifuata nini. Alipika loshoro, kile chakula chao cha mahindi, ndizi na maziwa mgando. Akamaliza kupakua ndipo akakumbuka kwamba maziwa hakuyatia. Watu wawili wakizungumza naye kwa mpigo, maneno yalimponyoka.

Na hakumwambia mtu. Angesemaje? Watu wamekuombea mwaka mzima upone, nawe umepona. Ukianza tena kulalamika, utaonekana huna shukrani.

Kisha ikaja ile Jumapili.

Kwao humsalimii mtu kwa neno moja ukapita. Unauliza habari za mume, za watoto, hata za ng'ombe, mmoja mmoja, na watoto unawataja kwa majina. Ndeshi alikuwa bingwa wa salamu. Watu walimtania kwamba akianza kusalimia baada ya ibada ya kwanza, ibada ya pili humkuta bado yuko nje ya kanisa.

Jumapili ile watu walisimama nje wakisubiri mnada wa ndizi na kuku waliotolewa sadaka. Ndeshi akamwona Hanna, rafiki yake tangu usichana. Hanna ndiye aliyemwogesha baada ya upasuaji, alipokuwa hawezi kuinua mkono.

"Mama Bariki!" Ndeshi aliita kwa furaha. "Hamjambo nyumbani? Baba hajambo? Ng'ombe ameshazaa? Na Bariki naye, mzima?"

Watu waligeuka wakamtazama.

Bariki, mtoto wa kwanza wa Hanna, alikuwa amekufa kwa ajali ya pikipiki miezi minne kabla. Ndeshi alikuwepo mazikoni. Siku hizo alikuwa bado kwenye dripu, dhaifu, ameshikwa mkono huku na huku. Lakini alikuwepo, na alitupa udongo kaburini kwa mkono wake. Alijua vizuri kwamba Bariki hayupo. Ulimi tu ulikwenda kwa mazoea ya miaka ishirini na minne, na kichwa hakikuwahi kuuzuia.

Hanna alijifunika uso kwa kitenge, akaondoka.

Nyuma yake Ndeshi alisikia mtu akinong'ona, "Dawa zimemharibu. Amerukwa na akili."

Tangu siku hiyo Ndeshi aliacha kusalimia. Alipita migombani ili asikutane na watu. Akimwona mtu mbele, alijifanya anaongea na simu. Kanisani hakwenda tena. Watu wakasema anaringa. Hanna hakuja kwake, naye hakwenda kwa Hanna. Nyumba zao zinatenganishwa na mfereji mmoja tu wa maji. Kila siku Ndeshi alimsikia Hanna akifagia, akiita kuku, akikohoa. Upweke wa namna hiyo unauma kuliko kisu cha upasuaji. Hayo sisemi mimi, alisema Ndeshi mwenyewe, na visu vyote viwili anavijua.

Basi asubuhi hiyo ya vikombe viwili, aliposikia hodi, alijificha nyuma ya mlango.

"Hodi, mama! Ni Nashipae, nesi wa zahanati. Nimeona moshi jikoni, kwa hiyo najua upo."

Hakukuwa na pa kukimbilia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Nashipae ni mwenyeji wa Kisongo, dada mrefu asiyependa kuzungukazunguka kwenye maneno. Aliviona vikombe.

"Una mgeni?"

"Sina."

"Mama, hospitali wamenipigia simu. Mwezi uliopita hukuhudhuria kliniki."

Ndeshi alitazama sakafu. "Nilisahau. Nilipokumbuka, nikaogopa."

"Uliogopa nini?"

"Wataniambia saratani imepanda kichwani. Au wataniambia nimekuwa kichaa." Akainua macho. "Nashipae, mimi nimekuwa kichaa."

Alilia. Akaeleza yote: chai, panga, loshoro, na salamu aliyompa Hanna. Nashipae hakumkatisha. Alipomaliza, akamsogezea kiti.

"Mama, hiki si kichaa. Wengi waliotibiwa saratani ya titi hupata hali hii. Jina linakataa kuja. Mtu hawezi kufanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Kichwa kinakuwa kizito. Madaktari wanaijua."

"Mbona hawakuniambia?"

"Pengine hawakukuambia, na hilo ni kosa letu. Au walikuambia, ukasahau."

Ndeshi alicheka huku machozi yakimtoka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu ile Jumapili.

"Sasa inatokana na nini?"

"Dawa zenyewe zinachangia. Ugonjwa nao, uchovu, kukosa usingizi, hofu, huzuni. Vyote hivyo vimeelemea kichwa kimoja. Kwa wengi hali hupungua polepole, baada ya miezi, hata mwaka au zaidi. Wengine hubaki nayo kidogo, wakajifunza kuishi nayo."

"Na kile kidonge cha kila siku? Nimekiacha. Nilidhani ndicho kinachoniharibu."

Nashipae aliacha kutabasamu. "Kidonge usikiache kwa uamuzi wako. Hicho ndicho kinachosaidia saratani isirudi. Kama kinakusumbua, mwambie daktari, mtaamua pamoja. Kesho kutwa tunakwenda wote wawili. Atakupima damu na mengine. Kusahau kunaweza kuletwa hata na upungufu wa damu, au sonona, ile huzuni isiyoondoka. Na kichwa kikiuma sana bila kupoa, ukitapika ovyo, ukiona vitu viwiliviwili, mkono au mguu ukiishiwa nguvu, au ukipata kifafa, usisubiri kliniki. Nenda hospitali papo hapo."

"Na hapa nyumbani nifanyeje?"

Nashipae alitoa daftari la shule kwenye mkoba. "Kichwa kimechoka, kipe msaidizi. Andika kila kitu. Fanya jambo moja kwanza, umalize, ndipo ushike lingine. Ukipika, pika, simu iache. Miwani na vidonge viwe na mahali pake, siku zote hapo hapo. Tembea kila siku, na ulale vya kutosha. Halafu waambie watu."

"Hilo la mwisho sitaliweza."

"Hilo ndilo litakalokuponya na kujificha nyuma ya milango, mama."

Daktari alimpima. Saratani haikuwa imerudi. Damu ilikuwa imepungua kidogo, akapewa dawa, na kidonge cha kila siku akaanza tena.

Ndeshi aliporudi alikaa mezani na daftari lake. Ukurasa wa kwanza aliandika kwa herufi kubwa:

*Bariki wa Hanna amefariki. Usimuulize.*

Chini yake akaandika: *Kidonge baada ya chai. Chai yenyewe inywe.*

Alikaa siku mbili akijifunza maneno ya kumwambia Hanna. Siku ya tatu, Alhamisi, alipiga moyo konde, akavuka mfereji. Hanna alikuwa kibarazani akipukuchua mahindi. Ndeshi alifungua mdomo, na maneno yote aliyojifunza yakapotea.

"Hanna... mimi... kichwa changu... zile dawa..."

Akashindwa. Akampa daftari.

Hanna alisoma. Alisoma tena. Kisha akalishika kifuani.

"Tangu tumzike, hakuna anayemtaja," alisema. "Wananiuliza habari za ng'ombe tu. Hata kuniita Mama Bariki wanaogopa. Baba yake mwenyewe hataki nilitamke jina hilo ndani ya nyumba. Wewe peke yako ulimtaja. Ndiyo, nililia njia nzima. Lakini nilikungoja uje, mwenzangu. Nawe ukaacha hata kunisalimia."

"Niliona aibu."

"Nami nikadhani umechoka na msiba wangu."

Walitazamana, wanawake wawili waliokuwa wamesikilizana wakikohoa kwa miezi mitatu.

Hanna alinyoosha mkono, akachomoa kalamu kwenye nywele mpya, fupi, za Ndeshi. Akainama juu ya daftari. Akakata herufi tatu tu za mwanzo wa neno moja: *Usi*. Likabaki neno *muulize*.

"Sasa kaa," alisema. "Nieleze vizuri habari za kichwa chako."

Jumapili iliyofuata walikwenda kanisani pamoja. Nje ya kanisa Ndeshi aliwaambia wanawake wa jumuiya, "Dawa zimekichosha kichwa changu. Nikisahau jina lako sikudharau, nikumbushe tu." Mmoja akajibu kwamba yeye hakuwekewa hata dripu moja na majina anayasahau vilevile. Wakacheka. Tangu hapo Hanna husimama kando yake wakati wa salamu na kumnong'oneza majina.

Sasa ni mwezi wa saba tangu avuke mfereji. Kliniki hakosi, kidonge hakosi, na loshoro yake ina maziwa. Kichwa kimekuwa chepesi kidogo, ingawa si kama zamani.

Kila Alhamisi huvuka mfereji, huketi kibarazani na kufungua ukurasa wa kwanza.

"Bariki alikuwaje, Hanna?"

Hanna humsimulia siku Bariki alipompeleka mbuzi kanisani akabatizwe, au jinsi alivyokuwa akiimba akikamua ng'ombe. Ndeshi husikiliza hadi mwisho. Alhamisi inayofuata huwa ameshasahau nusu yake, naye humwomba msamaha.

"Acha hizo," husema Hanna, huku macho yake yanang'aa. Kisha humsimulia tena, tangu mwanzo.