Katuni Isiyo na Mwenyewe

Mama alikung'uta mto wa bintiye asubuhi ile, na chengachenga za kijivu zikamwagika kwenye shuka. Hazikuwa makombo ya mkate wala mchanga. Zilikuwa zile nyuzi fupi zilizoviringika, zinazobaki mtu akifuta maandishi ya penseli.

"Baba Kifaranga!" aliita kuelekea uani. "Kifutio chako kinatafuta nini kitandani kwa mtoto?"

"Kifutio changu kiko hapa mezani," mumewe alijibu. "Hakijaota miguu."

Kweli kilikuwa mezani. Mume huyo alikuwa fundi wa kutengeneza vitabu vilivyochakaa, na karakana yake ilikuwa chumba cha uani chenye dirisha moja. Gundi, makasi na vifutio vyake havikuruhusiwa kuvuka kizingiti cha nyumba, kwa amri ya mkewe, ambaye alikuwa mshona nguo na hakutaka madoa kwenye vitambaa vya watu. Mama alizifagia zile chengachenga akarudi kwenye cherehani yake.

Kifaranga alikuwa mtoto wao wa pekee. Alikuwa na jina la shuleni, refu na zuri, alilorithi kwa bibi yake, lakini nyumbani walimwita Kifaranga kwa sababu alizaliwa mdogo kuliko kiganja cha baba yake. Alizaliwa pia na tundu kwenye moyo. Sasa alikuwa na miaka minane. Akipanda ngazi tatu midomo inageuka zambarau, na bado kwa ubishi na mizaha hakuna aliyemfikia. Daktari alikuwa amesema upasuaji usipite mwaka huu. Gharama yake ilikuwa sawa na bei ya gari, na wao hata baiskeli yenye breki hawakuwa nayo.

Ndipo ikaja ile katuni. Shangazi yake fundi alinunua karatasi chakavu kwa kilo, na kila mwezi alimwachia gunia moja achague vya kutengeneza. Chini kabisa ya gunia la mwezi huo lilikuwamo toleo la kwanza la katuni ya mpelelezi mwenye jicho moja. Miaka arobaini iliyopita kila mtoto aliisoma, kisha akina mama wakaichana kufungia njugu, na ndiyo maana zilibaki za kuhesabu. Watoto wale sasa walikuwa watu wazima wenye vitambi na pesa, na walikuwa wakinunua utoto wao kwa bei yoyote.

Dalali aliyewauzia ni Bwana Glovu, ambaye hakushika karatasi bila kuvaa glovu nyeupe. Alikuja, akaifunua ukurasa kwa ukurasa, akashusha pumzi.

"Nzima. Ila hapa." Alionyesha pembe ya jalada, palipoandikwa kwa penseli iliyokandamizwa, mwandiko wa mtoto: MALI YA, kisha jina, na chini yake ASIGUSE MTU. "Likibaki hivi, bei ya pikipiki. Likitoka bila kuacha alama, bei ya gari. Safari yangu inaisha Ijumaa. Nitapita jioni."

Shangazi alikuwa na mwiko mmoja tu katika kazi yake, na alimwambia fundi tangu anaanza: jina la mtoto halifutwi. Ukilikuta, liache, au urudishe karatasi ilikotoka. Fundi alilijua hilo. Lakini sikio la kufa halisikii dawa, na baba mwenye mtoto anayegeuka zambarau hasikii hata kengele. Alifuta kwa siku tatu, taratibu, kwa kifutio laini na pamba, mpaka Jumatatu jioni jalada likawa safi. Alipopuliza mabaki alisikia kama mtu aliyeketi nyuma yake naye amepuliza. Aligeuka, hakuona mtu, akacheka peke yake kama mpumbavu.

Kesho yake ndiyo siku ya zile chengachenga kwenye mto.

Jumatano mtoto alirudi kutoka shuleni mchana analia.

"Mwalimu hakuniita. Nilipomwambia aangalie vizuri, akaniuliza natoka darasa gani."

"Umechelewa tu, atakuwa amekuruka," mama alisema.

"Mimi wa tatu kwenye orodha, mama! Nimeiona. Wa pili yupo, wa nne yupo. Katikati karatasi imechubuka."

Fundi alichukua daftari la mtoto. Jalada lilikuwa na jina la shule, darasa, somo, na mahali pa jina la mwanafunzi palikuwa patupu. Alipapitisha kidole. Palikuwa laini mno, kama anavyopaacha yeye mwenyewe akifanya kazi nzuri. Papo hapo simu ikalia, alikuwa Bwana Glovu, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayekimbia.

"Fundi, usimwonyeshe mtu mwingine! Nakala mbili zilizokuwa zimebaki zimeungua kwenye ghala. Bei ya gari jana, leo ni bei ya nyumba!"

Fundi alilifunga daftari akaliweka mbali. Tusimlaumu haraka. Nani kati yetu angemkatia simu mtu yule?

Alhamisi ilikuwa siku ya kliniki. Alimbeba mtoto mgongoni, maana sasa hata kutembea kulimshinda, akatoa kadi ya hospitali dirishani. Nesi aliigeuza mbele na nyuma.

"Hii mpya, haijaandikwa kitu."

"Tunakuja hapa miaka minane, dada. Wewe mwenyewe ulimpima mwezi jana."

"Nilimpima nani?"

"Huyu hapa!"

Nesi aliangalia benchi alipokaa mtoto, akaliangalia kwa muda, kama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa. "Baba," alisema kwa upole, "mgonjwa uliyekuja naye yuko wapi?"

Mtoto alimshika baba yake mkono. Fundi alipoufungua mkono ule mdogo aone mbona unateleza, aliona kiganja chake hakina mistari tena.

Siku hiyo mkewe alimwita kula. "Baba…" alisema, akakwama, mdomo wazi, macho yakihangaika juu ya ukuta kama jina limebandikwa mahali fulani. "Baba… Fundi. Njoo ule."

Ijumaa adhuhuri alikuta mezani sahani mbili.

"Na ya mtoto?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Mkewe alicheka kidogo, kisha akaacha, kwa sababu uso wa mumewe haukuwa wa utani. "Mtoto gani?"

Kutoka chumba cha pili, katika joto lile la mchana, jua likiwa limejaa dirishani na majirani wakisikika wakifua, ilitoka sauti ambayo yeye kuliko mtu yeyote duniani aliijua, sugua, sugua, kimya, sugua, sauti ya mtu mvumilivu asiyetaka kuacha alama, na pamoja nayo harufu ya penseli na karatasi iliyolala miaka mingi kwenye unyevu, na alipousukuma mlango alimwona bintiye amelala chali, macho wazi, hana nyusi, hana kope, midomo imefifia hadi imelingana na mashavu, na juu yake hapakuwa na mtu wala mkono wala kivuli, ila chengachenga zilikuwa zikidondoka kutoka hewani, moja moja, kwenye paji lake la uso, na hazikuwa za kijivu tena bali za rangi ya ngozi yake.

"Baba," mtoto alinong'ona, "mwambie aache. Anasema anataka pawe safi."

Fundi alijitupa juu ya kitanda akamfunika kwa mwili wake. Sauti ilinyamaza. Kisha ikaanza tena, chini yake, kati ya kifua chake na cha mtoto.

Alimbeba akakimbia naye hadi kwa shangazi. Barabarani watu walimpisha mtu anayekimbia amekumbatia hewa. Shangazi alikuwa kwenye mzani wake, akipima magazeti. Hakumwona mtoto, lakini alinusa, akaacha kupima.

"Umefuta jina," alisema.

"Nisaidie, shangazi. Nakuomba. Niadhibu mimi."

"Jina la nani?"

Fundi alifungua kinywa. Siku tatu nzima alikuwa amelikodolea macho jina lile, na sasa halikuja hata herufi ya kwanza.

"Ndivyo," shangazi alisema. "Kuna jini anayekaa kwenye vitu wanavyopenda watoto. Anamtaka mwenye kitu, basi. Alimla mtoto yule zamani, akambakisha pale tu, kwenye penseli yake. Alikuwa ameshiba, ametulia. Wewe ukaja ukamfuta mtoto wa watu akaisha kabisa, na jini akaamka na njaa, akatazama nyumba iliyo karibu ina nini."

"Niichome?"

"Akitoka kwenye karatasi ataingia wapi? Kwa huyu huyu."

"Basi niandike jina lake Bwana Glovu. Yeye ndiye anayeitaka!"

"Ingewezekana hivyo, kila mtu angemwandika adui yake. Lazima mwenye jina aandike mwenyewe, na akubali." Shangazi alishika magoti yake. "Ukishaandika, hakuna atakayekujua. Wala mimi. Utabaki kwenye wino wako tu."

"Na mtoto?"

"Atarudi kama alivyokuwa. Na moyo wake mbovu vilevile."

Hapo ndipo fundi alipolia, maana jalada lenye jina halifikii bei ya gari, na bila bei hiyo hakuna upasuaji. Akiliacha safi, pesa ipo na mtoto hayupo. Akiandika, mtoto yupo mpaka mwaka uishe. Alilia njia nzima ya kurudi. Kichwa cha mtoto begani kwake kilikuwa chepesi kama cha mdoli wa karatasi.

Karakanani alimlaza juu ya meza, akachukua kalamu ya wino, wino ule mweusi usiotoka hata kwa dawa, akaandika pembeni mwa jalada: MALI YA, na jina lake kamili, la baba yake na la babu yake, kwa herufi kubwa, bila kutetemeka.

Baridi ilimpita kwenye paji la uso. Chengachenga zikaanza kudondoka kwenye mikono yake.

"Njaa inaniuma!" mtoto alisema.

Nyusi zilikuwapo. Kope zilikuwapo. Alimtazama fundi, akashuka mezani haraka kama watoto wanavyomkwepa mtu wasiyemjua, akakimbilia ndani, na fundi akasikia mkewe akipiga kelele, "Kifaranga! Ulikuwa wapi, mwanangu, mbona nimekaa siku nzima kama nimepotelewa?" Alisimama mlangoni akiwasikiliza, akicheka na kulia. Ilikuwa furaha ya kweli.

Jioni Bwana Glovu alifika. Fundi alikuwa amekaa chini ya ukuta wa uani, na mgeni alimpita bila salamu. Mama ndiye aliyempeleka karakanani.

"Iko hapo. Sijui nani aliileta humu, lakini nakumbuka ulisema utaifuata."

Bwana Glovu alipoliona jalada alishika kichwa. "Nani amefanya unyama huu?" Akatembea chumba kizima, akaitazama tena, akaitazama simu yake. Mwisho akapumua. "Lakini ndiyo pekee iliyobaki. Hata chafu, leo ina bei ya gari. Chukua pesa hizi, mama."

Mama alikaa chini sakafuni na kuziba mdomo kwa mikono miwili. "Moyo wa mtoto wangu," alisema. "Mwanangu atapona." Na huko uani fundi alimshukuru Mungu kwa sauti. Ilikuwa imetosha. Kila kitu kilikuwa kimetosha.

Bwana Glovu aliitia katuni kwenye mfuko wa plastiki. "Wala usihuzunike kwa huu wino. Kuna fundi mmoja namjua, anaufuta hata huu, tena bila alama. Mwezi haujaisha itakuwa safi kabisa. Hii siiuzi tena, nataka kumpa mjukuu wangu, anaanza kusoma."

"Usifute!" Fundi aliinuka, akamshika mkono. "Bwana, nisikilize, usimpe mtoto! Usilifute hilo jina, mimi niko humo!"

Bwana Glovu aliunasua mkono wake kwa hofu, akaingia garini na kufunga vioo. Fundi aliligonga gari, akalikimbilia hadi likakata kona, kisha akarudi hadi mlangoni kwake, akaegemea ukuta akilia kama mtoto. Mama na bintiye walikuwa wamesimama ndani wakimtazama.

"Mama," Kifaranga aliuliza, "yule baba analia nini?"

"Sijui, mwanangu. Funga mlango."