Nyongeza ya Soli ya Shangazi

Fundi viatu mmoja alikuwa na mtindo wake wa kukagua kazi. Mteja akishavaa viatu vipya, humwambia, "Haya, hebu tembea." Kisha hufumba macho na kusikiliza hatua kwenye sakafu ya saruji. Ko, ko, ko. Mlio ukiwa sawa kulia na kushoto, hufumbua macho na kutabasamu.

Wateja wake wengi wana mguu mmoja mfupi kuliko mwingine. Yeye huongeza unene wa soli ya upande mfupi, nao hutembea bila kuchechemea.

Zamani vipimo vilikaa kwenye daftari. Sasa bintiye, aliyesomea kompyuta, alikuwa amemtengenezea programu. Ukiingiza urefu wa miguu miwili, programu inapiga hesabu ya nyongeza ya soli. Kisha inatoa karatasi yenye namba ya mteja, na baba yake anakata soli kwa kuifuata.

"Injinia wangu huyo!" Baba alimwambia kila aliyepita, hata ambaye hakuuliza.

Alhamisi asubuhi Shangazi, dada yake Baba, alifika kuchukua viatu vyake. Jumamosi hiyo angeagwa shuleni baada ya kufundisha miaka thelathini. Alitaka kupanda jukwaani bila fimbo. Mguu wake wa kushoto ni mfupi kwa sentimita tatu.

Alivaa, akapiga hatua. Ko, kwa. Ko, kwa. Akayumba, akashika meza.

"Kaka, umenisahau?" aliuliza, akijitahidi kucheka.

Baba alifumbua macho. Soli zote mbili zilikuwa na unene uleule. Mguu wa dada yake wa damu! Alivua aproni taratibu, akaitundika msumarini.

"Macho yangu yamekwisha," alisema. "Sikusoma karatasi vizuri. Tafuteni fundi mwingine. Mimi basi."

Binti moyo ulimpasuka. Hakuwahi kuiona aproni ile msumarini asubuhi. Alikimbilia kompyuta, akamtafuta Shangazi, mteja namba kumi na nne. Nyongeza: sifuri. Akafungua wateja wengine. Sifuri, sifuri, sifuri.

"Baba, hukukosea! Karatasi ndiyo iliyokosea!"

"Usinifariji, mama," Baba alijibu kwa upole. Hakuinua hata kichwa.

Binti alivuka barabara mbio kumwita jirani yao, mwalimu wa kompyuta. Mwalimu alikuja na kikombe chake cha chai mkononi.

"Jumatatu niliingiza vipimo vya Shangazi, nyongeza ikaonekana tatu," Binti alimweleza. "Jumanne umeme ukakatika. Jumatano nikafungua faili niliyohifadhi, nikatoa karatasi yake. Ndiyo ya kwanza kutoka kwenye faili."

"Hesabu ya nyongeza umeiweka wapi?" Mwalimu aliuliza.

"Kwenye kiundaji. Ile sehemu ya programu inayomwandaa kila mteja mpya."

"Na kwenye faili umeihifadhi?"

"Hapana. Inapatikana kwa hesabu, nikaona ya nini kuihifadhi."

Mwalimu alicheka. "Hapo ndipo ulipoteleza, mdogo wangu. Mteja mpya anapita kwenye kiundaji. Lakini ukimsoma kutoka kwenye faili kwa njia hii uliyotumia, hapiti huko kabisa. Kompyuta inamuumba mtupu, kisha inamjaza kile tu ilichokikuta kwenye faili. Namba isiyokuwepo inabaki sifuri."

Baba aliinua kichwa. "Yaani mteja anaingizwa kwa mlango wa nyuma? Hapiti kwenye benchi la kupimia?"

"Umeelewa kuliko wanafunzi wangu, Fundi!"

"Sasa si arudishwe benchini?"

"Dawa ni hiyohiyo. Kwenye faili tusome urefu wa miguu tu. Halafu tumuunde mteja upya kwa kiundaji kilekile. Hesabu itapigwa. Na ukiweka ukaguzi hapohapo, hata kipimo kisichowezekana kitakataliwa."

Binti alirekebisha programu, Mwalimu akimwangalia. Kisha alizima kompyuta, akaiwasha tena mbele ya wote. Akafungua faili ileile, namba kumi na nne.

Kabla hajasema kitu, Baba alisoma kutoka kule alikokaa. "Nyongeza, sentimita tatu."

"Na huyo ndiye aliyesema macho yamekwisha!" Shangazi alidakia. Wote wakacheka.

"Nisamehe, Baba," Binti alisema. Machozi yalikuwa yanamlengalenga.

"Nikusamehe nini? Umenirudishia macho yangu." Alichukua aproni msumarini, akajifunga. "Haya, dada, vua hivyo viatu upesi."

Jumamosi ukumbi wa shule ulijaa. Shangazi alipoitwa, watu wote walisimama wamwone akipanda jukwaa la mbao. Mikono yake ilikuwa mitupu. Ko, ko, ko.

Binti aligeuka kumtazama Baba. Alikuwa amefumba macho.

"Baba, fumbua, utamkosa!"

"Nyamaza, injinia," Baba alinong'ona. "Namwona vizuri sana."