Doa la Chumba cha Pili

Kila Jumamosi asubuhi mama alibeba kamera, naye Pazia akabeba stendi yake. Jina hilo la utani alilipata kwa sababu ndiye aliyefungua mapazia ya kila nyumba waliyokwenda kuipiga picha. Alifuta vioo pia, na kufunika vyoo. "Hakuna anayevutiwa na choo kilicho wazi," mama alizoea kusema.

Lakini siku hizi Jumamosi nyingi walishinda nyumbani. Madalali wa nyumba walikuwa na simu, na picha za simu ni za bure. Mama alizunguka ofisi zao mpaka soli zikalika. Alipunguza bei, akapunguza tena, mpaka ikabaki kama nauli tu. Dalali mmoja ndiye aliyesalia, na huyo akikataa, kamera itauzwa. Pazia alimwona mama akiifuta polepole, kama anayemwogesha mtoto wa kusafirishwa. Roho ilimuuma sana.

Dalali huyo aliwapa nyumba ya vyumba vitatu waipige picha. Kwenye dari ya chumba cha pili palikuwa na doa la maji, kubwa kama sinia. Mama alilipiga picha hivyo hivyo.

Jioni, mama alipokuwa jikoni, Pazia aliwasha kompyuta na kulifuta doa lile. Alijiambia kwamba dalali akifurahi, kazi zitaongezeka. Mama alizituma picha bila kuzitazama tena.

Siku nne baadaye dalali aliwaita kwenye nyumba ile. Chini ya doa alisimama muuguzi mmoja, mkoba begani. Alikuwa amepanda mabasi mawili kuja kuiona.

"Mama Pazia, umeniaibisha," dalali alisema. "Mteja nimemwambia dari ni safi, kwa kuwa picha yako ndivyo inavyoonyesha."

Mama alitazama picha kwenye simu ya dalali, kisha dari. Pazia akasogea mbele ya mama.

"Ni mimi," alisema. "Mama alilipiga picha doa. Mimi nililifuta."

"Maji yakimwagika hayazoleki," dalali akajibu. "Tafuteni kazi kwingine."

Walitoka nje. Pazia alilia njia nzima hadi getini. "Sasa kamera itauzwa, na kosa ni langu."

"Huenda ikauzwa," mama alisema. Hakumdanganya.

Nyuma yao wakasikia hatua. Alikuwa yule muuguzi. "Dada, hebu nione picha uliyoipiga wewe."

Mama aliitoa kamera mkobani, akaiwasha. Doa lilikuwepo, lote. Muuguzi aliitazama kwa muda.

"Nina nyumba ya marehemu baba, nataka kuiuza," alisema. "Wanunuzi wanatoka mbali, wakifika wananigombeza kwa nyufa ambazo hawakuziona. Nataka mtu atakayezionyesha. Bei yako?"

Pazia alingoja kusikia ile bei ya nauli. Mama akataja bei ya zamani, ile ya kabla hajaanza kuipunguza.

Muuguzi aliupandisha mkoba begani. "Haya. Jumamosi."

Njiani Pazia aliuliza, "Kwa hiyo kamera haiuzwi?"

"Wiki hii haiuzwi. Wiki ijayo sijui, mwanangu. Mteja mmoja hajazi chungu. Lakini sikiliza. Picha za bure kila mtu anazo. Sisi tunauza kitu kimoja, kuaminiwa, na hicho ukikifuta, hakuna kitufe cha kukirudisha. Jumamosi utafungua mapazia yote, hata ya chumba kibovu."