Mtungi Mrefu wa Zenoni

Kitendawili! Mwanangu yuko peke yake. Akigusa ukuta tu, keshapata mwenzi. Ni nani?

Umeshindwa? Nipe mji. Haya, nimeukalia. Ni atomi ya oksijeni. Huzaliwa ndani ya plazima, gesi iliyochomwa kwa umeme mpaka ikawaka. Huwezi kuichota kwa chupa, maana ikigusa kuta zake huungana na nyingine. Hupigwa kwa leza, ikang'aa, kisha mwanga wake ukalinganishwa na wa gesi ya zenoni ambayo kiasi chake kinajulikana. Ndivyo atomi zinavyohesabiwa.

Jasusi aliyeitwa Kobe aliyajua hayo kwa sababu mpimaji ni bintiye wa kumzaa.

"Kobe, uko wapi?" Sauti ya Mkuu wake ilikwaruza kwenye redio ya sikioni.

"Ngazini."

"Harakisha. Walanguzi wanaitaka ile leza, na wapimaji wauawe kwanza. Sumu imeshaingia jengoni."

"Imewekwa wapi?"

"Hatujui."

Alijikokota. Ujasusi ulikuwa umemlalia mgongoni kama gunia la chumvi lililonyeshewa.

Ukumbini, mwanamume wa ovaroli alisukuma mtungi mrefu kuliko yeye mwenyewe. Ulikuwa umeandikwa: ZENONI.

Kobe akasita.

Zenoni ni ghali kama dhahabu. Juzi tu, wakimenya vitunguu, bintiye alicheka: "Mama, chupa yetu ya zenoni naibeba kwapani kama mtoto mchanga!"

"Pole na mzigo, kaka. Zenoni yote hiyo? Mmeuza mtaa mzima kuinunua?"

"Nipishe, bibi."

Mkono wa mwanamume ukashuka kiunoni.

Bastola ya Kobe, Beretta, ilikuwa imeshamfikia kooni.

"Usijaribu, baba. Nimechoka, na mtu aliyechoka hana subira."

Mlango wa maabara ukafunguka. Bintiye akaganda, miwani ya leza usoni.

"Mama? Si unauza vitambaa?"

"Rudi ndani. Mtungi huu usiguswe."

"Kwa hiyo siku ya mahafali yangu hukuwa sokoni! Ulikuwa wapi?"

Kobe alimfunga pingu yule bwana, akamwegemeza ukutani.

"Mkuu, sumu ninayo, imo ndani ya mtungi wa zenoni. Leteni watu wa kuibeba."

"Safi, Kobe. Umeumia?"

"Magoti tu."

Askari walipofika, alirudisha bastola mkobani, akashika njia ya ngazi.

"Mama! Nimekuuliza."

Kobe alishuka kidato kimoja, akashika chuma cha ngazi. Hakugeuka.

"Ndani ya buti la gari, mwanangu, nimefungwa kamba. Dereva alifungua redio, mahafali yenu yakirushwa moja kwa moja. Nikasikia wakikuita jina."